Jina Kwenye Uzi Mnene

Maow alikuwa mbishi tangu utotoni, na ni ubishi huo uliomfanya apige gitaa la besi katika mji ambao nusu ya watu walimwambia muziki ni dhambi, na nusu nyingine wakamwita kwenye kila harusi. Lakini alasiri ile ya harusi ya binti yake, ubishi ulimwishia kabisa. Alikaa kwenye stoo nyuma ya ukumbi mmoja pale Waberi, katikati ya magunia ya mchele na masufuria, gitaa mapajani.

Ndani kulikuwa na wanawake peke yao. Ilikuwa buraanbur, ngoma yao wenyewe. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na mwanamume haingii hata akiwa baba wa bibi harusi. Dada yake, Sadia, alisimama mlangoni kama askari.

"Ukichungulia, Maow, nitakutoboa jicho," alimwambia, wala hakuwa anatania sana.

Sasa sikiliza kilichomfikisha huko stoo. Mkewe, Ruqiya, alikuwa na sauti ambayo Garissa nzima iliijua. Harusi ikikosa Ruqiya, watu walirudi nyumbani wakinung'unika. Na kwa akina Ruqiya, mama ndiye hufunga wimbo wa mwisho: huliita jina la binti yake kwa sauti ndefu, binti huitikia, "Haa, hooyo," naam mama, kisha hukabidhiwa kwa wanawake wa upande wa mume. Ruqiya aliitwa hivyo na mama yake. Kowsar, binti yao, naye aliahidiwa hivyo tangu akibebwa mgongoni.

Mwaka jana Ruqiya akaota uvimbe kooni. Daktari akasema lazima ukatwe, na hakuficha: huenda sauti isirudi. Wiki moja kabla ya upasuaji, Maow alitundika mablanketi kwenye kuta za chumba chao kule Galbet, akamweka mkewe mbele ya maikrofoni, akamwomba aimbe noti mojamoja, kutoka juu hadi chini. Mwisho akamwambia, "Sasa mwite." Ruqiya akaita, "Kowsaaar!" Na Kowsar, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo, akaitika na kuja mbio na mikono yenye povu, akiuliza anaitiwa nini. Jamani, walicheka siku hiyo! Uvimbe ukatolewa, na sauti ikaenda nao. Kilichobaki ni mnong'ono ambao huusikii mpaka uinamishe kichwa.

Awil, mpiga kinanda wa bendi yao, ndiye aliyemfungia Maow mtambo kabla ya kuhamia Eastleigh. Chini ya nyuzi za besi alibandika kifaa cha kunasa mtikisiko; kifaa kikaunganishwa na kisanduku, kisanduku kikaunganishwa na kompyuta kwa waya wa midi, na kompyuta ikatoa sauti ya Ruqiya iliyorekodiwa siku ile.

"Huu waya haubebi sauti," Awil alimweleza. "Unabeba habari tu. Uzi umepigwa, uzi umeachwa. Kompyuta ikipata habari kwamba umepigwa, inaimba. Ikipata habari kwamba umeachwa, inanyamaza. Basi."

Jina la Kowsar, Awil aliliweka kwenye uzi mnene kuliko wote, noti ya chini kabisa. Ukiushikilia uzi, "Kowsaaa" inaendelea. Ukiuachia, ndipo ile "r" inapokuja na jina linafungwa. Kasoro ilikuwa moja tu. Uzi mnene hutikisika polepole, kisanduku huchukua muda kuutambua, na sauti hutoka imechelewa. Ikabidi Maow ajifunze kuutangulia mdundo. Miezi mitatu alifanya mazoezi, Ruqiya ameketi kando yake, akimgusa goti kila alipokosea. Siku moja akapiga wimbo mzima bila kuguswa. Alipogeuka, mkewe alikuwa analia.

Haya basi. Kompyuta ilibidi ikae ukumbini, karibu na spika, na waya ukapitishwa kwenye dirisha la juu lenye pazia mpaka stoo. Maow hakupenda hata kidogo, lakini angefanyaje?

Weris, mwanamke mpiga ngoma, akaanza ndani, na Maow akamfuata. Sauti ya Ruqiya ilipotoka kwenye spika, wanawake wakaanza kulia na kupiga makofi kwa pamoja. Maow aliyasikia yote kupitia ukutani. "Ya Rabbi, nipe dakika tatu tu," akaomba, vidole vikiendelea.

Ngoma ikapanda, makofi yakapanda, wimbo ukafika mwisho. Maow akautangulia mdundo kama alivyozoea, akaupiga uzi mnene, akaushikilia.

Wakati huohuo vigelegele vikalipuka. Hakusikia kitu. Ni kule kuchelewa kwa uzi, akajiambia. Akangoja. Bado jina halikusikika. Basi waya umelegea! Na mkono wake, mkono mjinga ule, ukaushika waya na kuuvuta kidogo, kuujaribu tu.

Waya ukaja. Ukaja wote, ukateleza dirishani na kumwangukia mapajani, ncha yake tupu, kama kamba ambayo punda amejifungua na kwenda zake.

Vigelegele vikapungua, na hapo ndipo aliposikia. Jina lilikuwa limetoka vizuri kabisa, tena kwa wakati wake.

"Kowsaaaaa..."

Akauachia uzi. Jina likaendelea. Uzi umeachwa, ndiyo, lakini nani angeipelekea kompyuta habari? Lahaula! Njia ya habari alikuwa ameishika yeye mkononi.

"Haa, hooyo!" Kowsar aliitikia huko ndani, kwa furaha, na wanawake wakashangilia. Sauti haikukoma.

"Haa, hooyo," akaitikia tena, taratibu. Weris akaacha ngoma. Sauti ikaendelea kuita, bila kuvuta pumzi, bila kufika kwenye "r".

"Hooyo, niko hapa! Niko hapa, hooyo!" Na sasa Kowsar alikuwa analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Maow alikwisha fika mlangoni. "Sadia! Waambie waizime!"

"Wazime wapi? Kina vitufe mia kile kitu chako!"

"Basi nipishe niingie!"

"Uingie wapi? Wanawake wako vichwa wazi! Umerukwa na akili?"

"Mwambie Ruqiya achomoe waya wa spika!"

Sadia akachungulia ndani, akageuka, macho yamejaa machozi. "Ruqiya yuko palepale. Amemshika mtoto mashavu, anamwambia kitu, anarudia na kurudia. Ile sauti inamfunika. Mtoto hamsikii."

Maow akaliweka paji la uso ukutani. Hakuwa na la kufanya, wallahi, hata moja. Alisimama tu akimsikiliza mkewe akiita.

Kisha sauti ikakatika katikati ya "a".

"Amechomoa," Sadia akasema. "Ruqiya mwenyewe."

Mtu mmoja akapiga kigelegele cha kuficha aibu, na Weris akaishika ngoma tena. Wanawake wa upande wa mume wakaanza wimbo wao, kwa nguvu, maana sasa bibi harusi alikuwa wao.

Mlango ukafunguka. Ruqiya akatoka, shela imemkaa upande, akasimama mbele ya mumewe. Akasema neno. Maow aliiona midomo yake ikicheza.

"Nini?"

Akasema tena. Maow akainama, akaleta sikio mpaka mdomoni pake. Pumzi yake aliisikia, ya moto shingoni, lakini ngoma ilikuwa kubwa.

"Sijasikia, Ruqiya. Nisamehe. Sema tena."

Akasema mara ya tatu, kisha akachoka. Akampapasa bega, akarudi ndani, na Sadia akafunga mlango.