Dobi wa Kawaida

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu wetu alikuja, na mwenyeji bado anauguza vidonda.

Alikuwa mtafiti, binti mpole mwenye daftari, na alikuja kutuchora sisi madobi kumi na wanne wa chumba cha kufulia cha hospitali. Si kwa rangi. Alitaka picha ya kijamii ya kundi letu: tuna umri gani, tumesoma mpaka wapi, siku yetu inakwendaje, kisha vyote vichanganywe apatikane mtu mmoja, "dobi wa kawaida". Nilicheka. Nikamwambia huyo dobi akipatikana aletwe haraka, kuna lundo la mashuka linamsubiri.

Kwa wiki tatu alikuja kila asubuhi. Kila alipoingia tulifanya kama mama zetu walivyotufunza: tulivua glavu, tukafuta mikono kwenye aproni, tukampa mkono mmoja mmoja. Hatukuzivaa tena mpaka aondoke, maana utazungumzaje na mgeni huku umevaa mipira inayonuka dawa ya madoa? Mikono iliwasha, tukavumilia. Heshima si utumwa.

Miezi miwili baadaye glavu mpya hazikuletwa, na za zamani zikapasuka. Tulipouliza, msimamizi alisema, "Subirini." Tukasubiri. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye anayeloweka mashuka ya wodini. Alianza kuchubuka vidole, kisha viganja. Tunakaa nyumba moja, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya gauni. Mwanawe mchanga alilia akiogeshwa naye, maana mikono ilimkwaruza.

Jana mtafiti alirudi kutusomea matokeo.

"Dobi wa kawaida ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Ana watoto watatu. Aliishia darasa la saba." Tukaitikia kwa vichwa, kweli tupu. "Havai glavu kazini, hata zikiwepo."

"Nani kakwambia?" niliuliza.

"Nimeona mwenyewe, dada. Siku zote zile, hata mmoja hakuvaa."

Kumbe! Nikawaka.

"Tulizivua kwa ajili yako! Tulikuwa tunakusalimia! Wiki tatu umekaa hapa na kalamu, hata mara moja hukuuliza kwa nini? Mbona watoto uliwahesabu?"

Msimamizi akakohoa. Taarifa ilishafika kwa wakubwa, akasema, nao wameona hakuna haja ya kununua vitu visivyovaliwa. Badala yake tutapewa semina ya kutuelimisha umuhimu wa glavu. Semina!

Mtafiti alianza kulia. Sikumhurumia, wala sitajifanya nilimhurumia. Alisema atasahihisha, ila itabidi aje kukaa nasi tena, atuangalie upya. Kisha akamgeukia wifi yangu, aliyekuwa karibu naye, akanyoosha mkono kumwomba radhi.

Wifi akasimama. Kwa mazoea akashika ncha za vidole vya mkono wake wa kulia, akavuta, kama anayevua glavu. Hapakuwa na glavu. Ngozi ndiyo iliyobanduka.

"Kaa chini, wifi," nilimwambia. "Usimpe."

Hakunisikiliza. Alifuta damu kwenye aproni, akampa mgeni mkono.