Jino la Urpo na Moto wa Jumamosi

Mume wangu Urpo aliamini vitu viwili tu duniani: sauna, kile chumba cha joto na mvuke, na pipi za zailitoli, sukari isiyoozesha meno. Kila baada ya chakula alitupia pipi mbili mdomoni, akatafuna kwa raha zake, kisha akanieleza, kana kwamba mimi ni mgeni Finland, kuwa bakteria wa mdomoni hawaiwezi sukari ile, kwa hiyo wanashinda na njaa na meno yanapona. Hilo ni kweli. Ila jino lake la nyuma, chini upande wa kulia, lilikuwa limetoboka zamani, na bakteria waliokwisha kuingia kwenye mzizi hawakuwa na habari na pipi zake. Nilipomwambia aende kwa daktari wa meno alisema ataenda barafu ya baharini ikiisha. Na kila barafu ilipoisha, alisema samaki wameanza.

Jumamosi ile ya Aprili barafu ilikuwa katika hali mbaya kuliko zote, haibebi mtu wala haipitishi mashua. Kila mwaka sisi wa Lokkiluoto tunafungiwa hivyo kisiwani, tukila tulichoweka. Urpo aliamka shavu limevimba. Kufikia mchana uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kidevu, na nilipougusa niliukuta mgumu kote.

"Tuwaite watu wa uokoaji," nikamwambia.

"Kwa jino?" Alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Unataka nichekwe pwani nzima? Aulis keshawasha sauna. Joto litaliivisha jipu hili, litapasuka lenyewe, usiku nakula soseji."

Aulis ni kaka yake, mjane, anakaa ng'ambo ya ua. Sauna ni ya baba yao, na kila Jumamosi yeye ndiye anayewasha moto. Waliingia wote wawili na taulo zao mabegani, mimi nikabaki namenya viazi. Sikutulia. Nilivimenya vibaya, nikaviacha, nikaenda kufungua mlango wa sauna.

Urpo alikuwa amekaa benchi la chini, kidevu amekitoa mbele, mate yanamtiririka kifuani.

"Meza mate," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Basi toa ulimi nje."

Ulimi haukutoka. Ulikuwa umesukumwa juu, umegusa kaakaa, na chini yake nyama imejaa nyekundu. Alipotaka kuniambia kitu, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni akashindwa kukimeza.

Nilikimbilia simu, nikapiga namba ya dharura. Mwanamke aliyepokea alinisikiliza, akauliza maswali mafupi, kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama, nisikilize vizuri. Bakteria wametoka kwenye jino wakaingia chini ya ulimi. Uvimbe ule unausukuma ulimi nyuma, unaweza kumziba pumzi. Usimlaze. Mkalishe ameinama mbele, umtoe kwenye joto sasa hivi. Helikopta haiwezi na huu ukungu. Nawatuma walinzi wa pwani pamoja na daktari, kwa chombo chao cha kupita juu ya barafu."

Niliporudi, Aulis alikuwa amemlaza mdogo wake benchi la juu kabisa. Kwa mkono mmoja alikuwa anayamwagia maji mawe ya moto juu ya tanuri, mkono wa pili ameuweka juu ya kifua cha Urpo, ambaye alikuwa akijaribu kujiinua kwa viwiko.

"Lala, mdogo wangu, tulia," Aulis alikuwa akimwambia. "Linakaribia kupasuka hilo. Shemeji, funga mlango, joto linatoka."

"Mkalishe."

"Hebu tuachie shughuli yetu. Baba alitibiwa jipu humu humu, kwenye benchi hili hili."

"Jipu la mgongoni. Baba yenu hakuwa anapumua kwa mgongo."

"Taimi, nimesema funga mlango."

Nilichukua ndoo, nikafungua mlango wa tanuri, nikamwaga maji yote kwenye moto. Moshi na majivu vilijaa chumba kizima. Aulis alisimama akiangalia kuni zikifuka, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuzima moto wa Jumamosi, hata siku ya mazishi ya mama yao.

"Una wazimu wewe," akasema polepole.

"Ukitaka kunipiga utanipiga baadaye. Sasa mshike huko."

Akamshika.

Tulimkalisha kwenye ngazi za nje, tukamfunika blanketi, nikamwegemeza begani kwangu ameinama mbele. Mate yake yalilowesha mkono wangu wote. Kila pumzi ilikuwa na mluzi ndani yake, na baada ya kila moja nilingoja nione kama ipo nyingine. Nimemwona mtu huyu akitumbukia barafuni akatoka anatukana. Siku ile macho yake yalikuwa yananiomba. Nilimkasirikia na kumpenda vyote kwa pamoja. Alipotaka kujilaza nyuma, nilimvuta kwa nywele.

"Usithubutu," nikamwambia sikioni. "Unasikia? Usithubutu."

Tulisikia injini mahali fulani ndani ya ukungu, ikaja, ikapita, ikaanza kwenda zake. Aulis aliokota ile ndoo, akakimbilia ufukweni na taulo lake kiunoni, akaigonga kwa jiwe kama kichaa. Injini ikageuka. Midomo ya Urpo ilikuwa imekuwa ya buluu na ule mluzi ulikuwa umekoma, daktari wao alipopiga magoti kwenye ngazi zangu, akampasua koo chini ya uvimbe, akaingiza mrija. Hewa ikapita. Kifua cha mume wangu kikapanda, nikalia mbele ya vijana wa watu bila haya.

Hospitalini Turku tulikaa kwenye korido mpaka daktari wa upasuaji akatoka. Jino limeng'olewa, usaha umetolewa, atalazwa usingizi kwa siku kadhaa, lakini ataishi.

"Hao bakteria aliwatoa wapi?" Aulis akauliza.

"Hakuwatoa popote, ni wa mdomoni mwake mwenyewe. Hata wewe unao. Ukipiga mswaki vizuri unaishi nao bila ugomvi. Ukiwaachia shimo wakaingia ndani kusiko na hewa, wanafika huku." Alijigusa chini ya kidevu. "Nani alimkalisha?"

Aulis akaninyooshea kidole.

"Angeendelea kulala kwenye joto lile, tungemkuta maiti," daktari akasema, akaondoka kuelekea kwenye lifti.

Aulis aliiangalia mikono yake, bado ina majivu. "Ningemuua mdogo wangu."

"Ungemuua," nikamjibu. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Alijifuta majivu kwenye suruali.

"Shemeji."

"Nini?"

"Mimi pia ninalo." Aligusa taya la kushoto kwa kidole kimoja. "Tangu Krismasi. Nilikuwa nasubiri nione kwanza kama Urpo atapona kwa sauna."

Nilimshika mkono wa koti, nikamburuta kumkimbilia yule daktari kabla mlango wa lifti haujafungwa.