Oili ya Pikapu ya Stephen

Hudson Mwakio hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, na kanisani Rukanga alisimama safu ya pili akiimba besi. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wetu wakisikia habari ya fundi na gari lililokufa, wanakimbilia kusema vipuri vimeibwa. Hakuiba hata nati. Kosa lake ni kwamba alimpenda kaka yake kupita kiasi, akajipenda mwenyewe zaidi ya hapo, halafu akasema neno moja la uongo mbele ya watu.

Kaka yake ni Stephen, kifungua mimba wa nyumba yao, gadi wa reli kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu mwaka wa themanini na moja, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye alinunua pikapu mpya kabisa, rangi ya maziwa, viti bado vimevikwa nailoni. Kasigau nzima, kwao chini ya mlima, ilitoka kuitazama. Wagonjwa sasa wangefika hospitali ya Voi siku hiyo hiyo, na mahindi yangeshuka Maungu, kwenye barabara kuu, kabla ndovu hawajayamaliza shambani. Barabara yenyewe, jamani, ilikuwa mchanga na mashimo, lakini Stephen alisema gari ni jipya na lina waranti ya mwaka mzima, hofu ya nini.

Kile kitabu cha waranti alikiheshimu kama kanuni za reli. Kilisema gari lihudumiwe na wakala wa kampuni, na wakala wa Voi ilikuwa gereji ile ile aliyofanyia kazi Hudson. Kilisema oili iwe ya kawaida, ya namba iliyoandikwa ukurasa wa saba, wala si nyingine. Kilisema pia kwamba dereva akiona jambo lisilo la kawaida alilete gari mara moja. Ukivunja sharti moja tu, waranti imekufa. Dereva alikuwa Munyao, Mkamba wa pale Voi, mtu mpole wa miaka arobaini, ambaye kila alfajiri alifungua boneti akapima oili kabla hajagusa chai.

Sasa sikiliza fundi alivyojiponza. Pasaka ya mwaka uliofuata, magari ya mashindano yalipita Voi yakitimua vumbi, na mafundi wao wakapiga kambi karibu na gereji. Hudson aliwachomelea chuma kilichokatika, nao wakamwachia mkebe mkubwa wa oili kama asante. Fundi mmoja wa Kizungu alimweleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba oili hii haichimbwi ardhini. Inapikwa na wanasayansi, inaitwa sinthetiki. Haiwi nzito kwenye baridi, haiwi maji kwenye joto, na injini inayoitumia inakaa miaka. Hudson aliusikiliza mkebe ule ukisifiwa mpaka akautamani.

Wiki hiyo hiyo pikapu ya Stephen ikaletwa kwa sevisi. Juu ya meza kulikuwa na mikebe miwili: huu wa oili ya kawaida kutoka stoo, ule wa sinthetiki. Hudson alikisoma kitabu, akakisoma tena. Hakuwa mjinga, alijua maana ya ukurasa wa saba. Lakini akajiambia, ebo, hawa walioandika kitabu wameiona wapi barabara ya Kasigau? Aliiwazia siku moja, waranti imekwisha na gari bado linanguruma vizuri, atakapomwambia kaka yake, unasikia injini yako ilivyotulia? Hiyo ni kazi yangu. Basi oili ya kawaida akairudisha stoo, akamimina sinthetiki. Kwenye kitabu akaandika jina la oili ya kawaida, akapiga muhuri, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wake wa kila siku.

Wiki tatu hivi zikapita, Munyao akaja gereji saa nane mchana, kofia mkononi. Akasema anaona matone ya oili mchangani kila asubuhi, pale injini inapokutana na gia, si mengi, lakini yapo. Hudson alijua la kufanya. Gari liingie kwenye shimo la gereji likaguliwe chini, na kampuni ya Mombasa ipewe habari. Ila alijua pia kwamba watu wa kampuni wangeanza kwa kuimwaga oili na kuiangalia, na hapo mwandiko mzuri ungemuumbua. Akamwambia Munyao asijali, gari jipya hutoa jasho kidogo, awe anaongeza tu oili ikipungua. Munyao akamshukuru. Akamshukuru, na kofia akaivaa, akaenda zake.

Siku kumi baadaye, kwenye mlima wa kabla ya Buguta, mpira unaozuia oili pale kwenye gia ukaachia wote mara moja. Oili yote ilimwagika mchangani, taa nyekundu ikawaka, na kabla Munyao hajasimama vizuri injini ilikuwa imeshikana na kufa. Waliivuta pikapu mpaka Voi kwa trekta la watu.

Afisa wa kampuni akaja kutoka Mombasa, kijana mwenye tai na faili. Walisimama uani mwa gereji: yeye, mwenye gereji, Stephen, Munyao na Hudson. Afisa alikikagua kitabu, akakisifu jinsi kilivyojazwa. Kisha akauliza kama gari liliwahi kuvuja kabla ya siku ile. Munyao hakuzunguka. Alisema lilivuja, na kwamba alimwambia fundi siku ile ile aliyoona. Watu wote wakamgeukia Hudson.

Hudson alimwangalia kaka yake, akamwangalia mwenye gereji. Akiitikia, wataulizana kwa nini gari halikuingizwa shimoni, na kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye mkebe.

"Hakuniambia," akasema.

Afisa akafunga kitabu. Kwa kampuni mambo yalikuwa yamekwisha: dereva ameona gari linavuja, amenyamaza, ameendelea kuliendesha. Waranti imekufa. Stephen alimfuta Munyao kazi palepale, kwa maneno ambayo mzee wa kanisa kama yeye hakupaswa kuyajua, na pikapu ikapelekwa Rukanga ikawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba.

Kabla haijapelekwa, Hudson aliufungua ule mpira akauona umenywea na kukakamaa. Je, ni sinthetiki iliyoufanya hivyo, au ulitoka kiwandani una kasoro? Hakujua, na hakuna wa kumuuliza bila kujitaja. Kama ni kasoro ya kiwanda, basi kampuni ingelipa injini, Munyao angekuwa kazini, na yeye ameua mambo yote hayo kwa kuogopa oili isiyo na hatia. Wazo hilo lilimtafuna kuliko lile jingine. Alijiona mchafu. Sauti ya besi ikampotea kanisani, akasingizia mafua.

Munyao akaenda kukata mkonge kwenye shamba la mkonge, kazi ya kupasua mikono. Mkewe, Syokau, akaanza kuuza mboga sokoni Voi. Hudson akawa mteja wake. Kila jioni alirudi na mafungu matatu ya mchicha, mpaka mkewe, Alice, akamuuliza kama amegeuka mbuzi. Alicheka naye, akala. Syokau alikuwa anamwongeza majani kidogo bila kuombwa, akimwita fundi kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomchoma.

Aliyechoka wa kwanza ni mama yao, bibi Tryphena. Stephen alikuwa hali na watu tena, anaamka akiitukana ile pikapu, na jina la Munyao halitajwi mbele yake. Mama akasema hasira ya mkubwa ikikaa ndani ya boma huwaangukia watoto, na yeye hatangoja kuona ni mtoto gani. Jumapili watamwomba Mungu vizuri, lakini Jumatatu asubuhi watakaa watase, yaani wateme hasira. Ndivyo Wadawida, yaani sisi Wataita, tunavyofanya. Unaitaja hasira yako, unatia maji kinywani, unayapuliza nje nayo hasira inatoka. Sharti ni kwamba usiyateme huku umeficha kitu moyoni. Mama akatuma watu wamwombe Munyao naye aje, kwa sababu aliyekasirikiwa pia ana moyo.

Munyao akaja, amekonda, viganja vimefungwa vitambaa. Walikaa uani, jua ndiyo kwanza linatoka nyuma ya mlima. Mama akamimina maji kwenye kibuyu, akaanza na Stephen. Stephen alisema alimkasirikia Munyao mpaka akamtakia mabaya, na leo hataki tena. Akapuliza maji, akapumua kama aliyetua mzigo.

Kibuyu kikaja kwa Munyao. Alisema kwao Ukambani hawafanyi hivi, lakini kwa heshima ya mama atafanya. Halafu akamgeukia Hudson.

"Fundi, nimewaza sana kule kwenye mkonge," alisema. "Kila mtu anasema sikukwambia. Labda ni kweli. Labda nilipanga kukwambia, halafu nikadhani nimekwambia. Hata Syokau nimemwambia kichwa changu hakiko sawa siku hizi. Nisamehe kwa kukutaja mbele ya watu."

Akapuliza maji yake, taratibu, kama mgeni anayeogopa kuchafua ua wa watu. Kibuyu kikafika kwa Hudson.

Alitia maji kinywani. Alitakiwa awe amesema kwanza kwamba hana kinyongo na mtu huyu, ndipo ateme. Kinyongo gani? Mtu ameondolewa kazini, sasa ameondolewa hata akili zake, na bado anaomba msamaha. Maji yakapata joto mdomoni. Hudson akayameza. Wote wakamsikia akimeza, na mama akamtazama.

"Alikuja saa nane mchana," Hudson akasema. "Alivua kofia. Aliniambia vizuri kabisa, nami nikamwambia ni jasho la gari."

Akayatoa yote: mkebe wa Mzungu, ukurasa wa saba, muhuri, mwandiko. Alilia akisema, na hakuna aliyemnyamazisha. Stephen alisimama, akatembea mpaka kwenye pikapu, akaiegemea akiwa amewapa mgongo.

Mama alijaza kibuyu upya, na hakumpa Stephen, alimpa Munyao. Munyao alikishika kwa viganja vyake vilivyofungwa.

"Mama," akasema, "nilipofika hapa sikuwa na hasira. Nilikuwa na aibu tu. Sasa hasira ninayo, na siwezi kuyatema haya nikasema imetoka."

Hakukirudisha kwa mama. Alikiweka mikononi mwa Hudson, akavaa kofia, akashika njia ya Maungu kwa miguu. Hudson akabaki amesimama na kibuyu kimejaa, na hakuna mtu pale uani aliyenyoosha mkono kukipokea.