Abiria wa Mgongo

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa, Ngusa alifungua mnyororo wa kukokotea plau, akauviringisha na kuutundika kwenye mti wa zizi. Mahali pake alifunga kamba ya ngozi aliyoilainisha kwa samli. Mtaalamu alikuwa amesema kwamba chombo chake hakipatani na chuma. Kwa hiyo Ngusa alimvua kengele ng'ombe wake mkubwa, Waziri, akamkagua na yule wa pili, Dereva, kisha akajikagua mwenyewe. Alivua mkanda wa suruali, na siku hiyo nzima alifanya kazi kwa mkono mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kukokota rada.

Mwendo mfupi kutoka Mwamapalala, wilayani Itilima, kuna kitongoji kiitwacho Mgongoni. Kimepata jina kutokana na kilima kirefu, chembamba, kilichoinuka peke yake katikati ya mbuga nyeusi. Kwa mbali kinafanana na ng'ombe aliyelala, na wazee walikiita Mgongo. Mchungaji Mihayo alikiona kwenye simu, katika picha iliyopigwa kutoka angani, akasema huyo si ng'ombe, hiyo ni merikebu. Tangu hapo alihubiri kwamba safina ya Nuhu haikutua mbali kama watu wanavyodhani. Wakatoliki walisema wangesubiri kauli ya askofu. Hata hivyo, watu wa madhehebu yote walikuwa wamekwisha kuanza kubishana Nuhu alipakia ng'ombe wa aina gani, na wengi waliona kwamba walikuwa hawa hawa wa Kisukuma wenye nundu, maana wale wa kizungu wasingestahimili safari.

Ndipo alipokuja yule mtaalamu, Gloria, kutoka Dar es Salaam, na gari, na dereva, na kibali. Kibali kilisema kuona bila kugusa. Hata jembe la mkono lilikatazwa kuinuliwa juu ya Mgongo. Rada hupeleka mawimbi ardhini, mawimbi yakikutana na kitu hurudi, na kioo huchora kile kitu kwa rangi ya kijivu. Gloria alieleza hivyo mkutanoni, na watu walielewa. Shida ilikuwa magurudumu ya kile chombo, ambayo yalinasa kwenye nyufa za udongo mkavu. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Limbu, alipendekeza kifungwe juu ya mti wa panda, kama ule wa kuburutia mapipa ya maji, na kivutwe na ng'ombe waliozoea kutembea kwenye matuta ya pamba bila kupinda.

"Mtaalamu," Ngusa alimwambia Gloria walipoanza, "usitembee mbele ya Waziri. Hapendi kutanguliwa."

"Na Dereva je?"

"Huyo anafuata tu. Ndivyo madereva walivyo."

Dereva wa gari alikuwa amesimama hapo hapo.

Ng'ombe hao wawili walitokana na mtamba ambaye Limbu alimpa Ngusa zamani, Ngusa akiwa bado mtoto na mama yake akiwa hayupo. Watu walilisifu sana tendo lile. Hakuna aliyekuwa amemwomba Limbu, naye hakuwa ndugu.

Ndaki, dada mkubwa wa Ngusa, ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia wageni. Ifahamike kwamba nchi ile ina uhaba wa miti. Wanawake hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, moshi wake ni mkali, na mwanamke akifikia umri fulani macho yake huwa mekundu na hayarudi kuwa meupe. Ilikuwapo miaka ambayo macho mekundu yalitosha kuwa kosa, kosa la uchawi. Mama yao, Kija, alikuwa na macho hayo. Mwaka wa mvua za elinino alimtuma Ndaki kuni, Ndaki akaenda mbali kuzitafuta, na aliporudi hakumkuta mama. Aliambiwa kwamba amehamia Geita. Wanawake wengine wa Mgongoni nao walihamia Geita miaka ile, wote wajane, wote bila kuaga, na hakuna hata mmoja aliyechukua kanga ya pili.

Ndaki alikwenda Geita mara moja na kurudi. Kisha akatenga nafasi nyumbani kwake, kando ya kaburi la baba yao, Bujiku, akawa anaifagia kila asubuhi pamoja na kaburi lenyewe. Hakuwa na haja nyingine kubwa maishani. Alitaka kumlaza mama yake pale.

Siku za kwanza rada haikuona kitu. Ng'ombe walipanda na kushuka Mgongo, mstari kwa mstari, na kioo kilibaki cheupe kama shuka. Gloria alisema kwamba udongo wa mfinyanzi humeza mawimbi. Mchungaji Mihayo alifunga kula. Limbu, ambaye alikuja kila siku na kiti chake cha kukunja, alisema kwamba hata kutokuona kitu ni jibu, na mtaalamu asijisumbue kurudi upande wa mashariki.

Kosa lilikuwa dogo. Tangu wafike, hakuna aliyekuwa amepiga hodi.

Mchana mmoja Ndaki alileta chakula kwa njia ya mkato, kupitia juu ya Mgongo upande wa mashariki, ugali na mlenda vikiwa kichwani, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo. Mama yake alimfundisha kwamba ukipita kwenye mahame, mahali ambapo watu waliwahi kukaa, unasalimia, kwa sababu huwezi kujua nani amebaki. Alifika penye nyufa, akapiga goti kidogo, chakula kikiwa kichwani vile vile.

"Mwadila," alisema. Ni salamu ya Kisukuma ya mchana.

"Mwadila," walijibu kutoka chini. Zilikuwa sauti za wanawake, nyingi, haziendi pamoja, kama kanisani wakati wa kujibu.

Waziri, aliyekuwa akikokota chombo karibu na hapo, alisimama, na Dereva naye akasimama. Gloria alikaza waya mmoja uliokuwa umelegea, akatazama kioo, akamwomba Ngusa awarudishe ng'ombe mwanzo wa mstari.

Walipopita mara ya pili, kioo kilichora. Hakikuchora mbavu za merikebu wala mbao. Kilichora wanawake. Walikuwa wameketi chini, kwa kina cha kimo cha mtu, miguu wameinyoosha mbele kama wanawake wanavyoketi msibani, mikono mapajani, wamepangwa safu kama watu waliomo ndani ya chombo. Wote walitazama upande wa nyumba za kitongoji. Picha ilikuwa ya kijivu, kwa sababu mashine ile haina rangi nyingine. Macho tu ndiyo yalikuwa mekundu.

"Ng'wa nani?" waliuliza kutoka chini. Maana yake, wewe ni mtoto wa nani. Kwa Wasukuma salamu haijakamilika bila swali hilo.

"Ng'wa Bujiku," alijibu Ndaki.

Kisha mmoja wao, wa mwisho kabisa kuelekea mashariki, aligeuza shingo kwenye kioo.

"Ndaki. Umeleta kuni?"

Ndaki alishusha chakula. "Bado, mayu," alimwambia mama yake. "Nilikwenda mbali."

"Haya, ng'wanawane," alisema mama, yaani mwanangu. "Umechelewa, lakini haya."

Ngusa alikuwa ameshika pembe ya Waziri. Alimtambua mama yake kwa sauti, ingawa alikuwa hajaisikia tangu utotoni, lakini hakusalimia. Mzee Limbu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na wale wa chini, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu, waliendelea kuulizia wazima mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Waliulizia watoto. Waliulizia mvua. Kisha mmoja akauliza:

"Limbu yupo?"

"Nipo," alisema Limbu.

"Bega limepona? Siku ile ulilalamika sana bega. Ulisema udongo umelowa, jembe linanata."

Limbu alijipapasa bega la kulia. "Linasumbua wakati wa baridi tu," alijibu. "Mhola."

"Mhola," walisema wote, maana yake ni heri, na salamu zikaisha.

Watu waliokuwapo walikula chakula. Michembe ilisifiwa.

Jioni Ndaki alikwenda kwa Gloria, ambaye alikuwa akifuta vumbi kwenye chombo chake kwa kitambaa laini. Alimwomba achimbe mahali pamoja tu, pale mwisho wa mstari. Alisema atachimba mwenyewe, mtaalamu asishike hata mpini. Gloria alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa yamechoka, nayo yalianza kuwa mekundu kwa sababu ya vumbi.

"Mama, sisi tunaangalia tu," alisema. "Nikikuruhusu jembe moja, wananinyang'anya kibali, na hii kazi yote inatupwa. Nitawaandika. Hilo naweza. Nitaandika kwamba wapo."

"Wanajua kwamba wapo," alisema Ndaki.

Kesho yake askari mmoja alikuja kwa pikipiki, akiwa ameitwa na Ndaki. Alipanda Mgongo, akasalimia vizuri, akasikiliza maelezo ya waliokuwa chini, nao walimweleza bila kuficha na bila kupandisha sauti. Kisha alimfafanulia Ndaki kwamba jalada la mauaji linahitaji mwili. Mwili upo, lakini upo chini. Kuutoa kunahitaji kuchimba, na kuchimba kumekatazwa. Aliwauliza wale wanawake kama wangeweza kufika kituoni wenyewe. Walisema miguu imekufa ganzi. Askari aliwapa pole, akawasha pikipiki.

Usiku ule ule Ndaki alimwambia mdogo wake walete majembe kabla hakujapambazuka. Ngusa alikuwa akifunga mlango wa zizi.

"Dada, acha."

"Ni mama yako yule."

"Najua ni mama yangu." Aliegemea mti wa zizi. Ndani Waziri alikuwa akicheua. "Nimekunywa maziwa ya mtamba wa Limbu. Nimeoa kwa ng'ombe wa uzao ule. Watoto wangu wote wametoka kwenye ng'ombe wale. Unataka nianze kuchimba wapi?"

Ndaki alikwenda peke yake. Alfajiri alikuta Limbu yuko pale juu ya Mgongo na kiti chake, amejifunika blanketi. Limbu alimwamkia na kumkumbusha kuhusu kibali. Ndaki alikaa chini na jembe lake, miguu ameinyoosha, mpaka jua likachomoza. Kisha alirudi nyumbani kufagia.

Gloria alisoma taarifa yake mbele ya mkutano, sentensi kwa sentensi, kwa sauti kavu. Hakuna mbao. Hakuna chombo cha majini. Wapo wanawake katika hali ya kuketi, na wanaitika wakisalimiwa. Watu walimshukuru. Mchungaji Mihayo, aliyekuwa amekonda kwa kufunga, alisimama na kusema kwamba mbao huoza lakini abiria wamebaki mahali pao, na safu ile haiwezi kuwa kitu kingine. Mzee mmoja Mkatoliki aliuliza kwa nini ni wanawake peke yao, na kwa nini ni wengi kuliko mke wa Nuhu na wakwe zake. Mchungaji alijibu kwamba Biblia haikuandika watumishi. Mkutano uliona kwamba jambo hilo lina mantiki.

Ndaki alinyoosha mkono. Alisema kwamba mmoja wa abiria hao ni mama yake, na kwamba anamtaka. Mwenyekiti Limbu alimjibu kwa upole kwamba wote ni mama zetu. Watu walipiga makofi. Ngusa alitazama viatu vyake, kisha naye akapiga, taratibu.

Gloria alipoondoka alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Ndaki. Alitazama ile nafasi iliyofagiliwa kando ya kaburi, akasema ni safi. Ndaki alimpa michembe ya njiani.

Sasa Mgongo umezungushiwa uzio. Ni mahali panapolindwa, na marufuku ya kuchimba imewekwa kuwa ya kudumu. Walipotaka kusimika nguzo hawakuhitaji ramani ya rada, kwa sababu mzee Limbu aliwaonyesha mipaka kwa fimbo, bila kusita, na hakuna nguzo iliyomgusa mtu. Kwa ajili hiyo alipewa ulinzi wa lango. Mahujaji hufika kutoka Maswa na Bariadi mjini, na wengine kutoka Lamadi wakiwa na samaki. Huambiwa wasipige kelele. Hufurahi sana wanaposalimia na kuitikiwa, ingawa wasiojua Kisukuma hudhani ni wimbo.

Kila jioni, wageni wakiisha kuondoka, Ndaki huja na mzigo wa kuni kichwani. Ni kuni za kweli, za mkwaju na za mgunga, na huzifuata mbali. Limbu huinuka kwenye kiti na kumfungulia lango. Ndaki huzipenyeza kwenye ufa wa mwisho, upande wa mashariki, moja moja, na huko chini kuna anayezipokea na kuzivuta. Baada ya muda nyufa zote hutoa moshi mwembamba, mweupe, usiowasha. Mchungaji Mihayo ameeleza kwamba ni ile sadaka ya Nuhu.

Siku moja, karibu na mwanzo wa mvua, Gloria alirudi kukagua. Alipitisha chombo chake mara moja tu, akamwita Ndaki atazame. Mama yake alikuwa ameketi vile vile, miguu mbele, meko yakiwaka mbele yake. Macho yalikuwa bado mekundu.

"Nilidhani kuni zingeyasaidia," alisema Ndaki.

Gloria alizima kioo ili betri isiishe.

Wakati huo Limbu alikuwa akifunga lango. Hali ya hewa ilikuwa imepoa. Kutoka chini walimuulizia bega, kama wanavyomuulizia kila jioni, naye, akiwa ameshika kufuli, aliwajibu kwamba ni mhola tu.