Vyuma Viwili Kila Upande

Tuseme ukweli mapema tusisumbuane: siku ile mjinga alikuwa dereva mwenyewe. Si fundi, si barabara, wala si mayai, ingawa mayai ndiyo yaliyoumia.

Kwa miezi mitano mkewe alikuwa kwa dada yake, ng'ambo ya mlima. Alikwenda kumuuguza mguu uliovunjika. Mguu ukaunga, dada akaanza kwenda sokoni mwenyewe, mke hakurudi. Akipigiwa simu alijibu kwa upole tu: "Nirudi kwa nani? Kwa kitasa?" Maana mumewe alibeba tofali kwa pikapu safari mbili kila siku, akarudi nyumbani amechoka hata kusimulia alikotoka.

Tangu mke aondoke, kiti cha abiria hakikukaliwa. Kilikuwa na kitambaa cha maua alichokishona yeye. Wapakizi walipanda nyuma, juu ya tofali, hata mvua ikinyesha. Mmoja akauliza, "Bosi, hiki kiti vipi, kimeposwa?" Dereva akacheka naye. Lakini kila alipobadili gia, mkono ulisita kidogo pale ambapo zamani uligusa goti la mtu.

Basi akafika gereji na hesabu yake kichwani. Springi za nyuma, zile za vyuma vilivyolaliana, zilikuwa zimechoka hadi zimenyooka kama rula.

"Niongezee vyuma viwili kila upande," akasema. "Mzigo wa safari mbili niubebe kwa moja. Jua halijazama, niko kwangu."

"Breki ni zile zile, kaka," fundi akamwonya. "Halafu springi ngumu inataka mzigo. Ikiwa tupu itakurusha kama bisi kikaangoni. Tia mifuko minne ya mchanga kwanza."

"Mchanga niuweke wapi, na leo namfuata mke wangu na cherehani yake?"

Fundi akafuta mikono kwa tambara. "Haya, bwana harusi."

Pikapu ikatoka gereji imebinuka nyuma kama kuku anayekunywa maji. Njiani akanunua trei ya mayai. Akili ilimwambia ayaweke kitini. Moyo ukasema kile kiti kina mwenyewe. Akayafunga nyuma kwa kamba, akapiga mafundo mawili.

Njia ya mlimani ni mashimo matupu. Zamani pikapu ilinung'unika tu ikapita. Leo ilimrusha kichwa kikagonga paa, akatua kitini kabla hajamaliza kusema "ala!" Hata hivyo hakuacha kufanya mazoezi ya maneno yake: "Mke wangu, sasa mambo yamebadilika." Kila shimo lilimkatiza kwenye "mambo".

Alipofika, shemeji yake, yule wa mguu, ndiye aliyetangulia kutoka, akachungulia nyuma ya gari.

"Shemeji, umetuletea mayai au rangi ya ukuta?"

Mkewe akafuata, akikausha mikono. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni macho ya mwenye kiu yaliyomwona hivyo. Hakucheka. Aliizunguka pikapu, akainama akavitazama vyuma vipya, kisha akafungua mlango wa abiria. Vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu ya kitambaa, halina alama ya mtu. Akalipangusa, akaketi. Dereva akasahau hata nundu yake kichwani.

"Hajakaa mtu?"

"Akae nani?"

Laiti dereva angeishia hapo! Lakini ulimi wake nao haukuwa na breki.

"Nimefunga vyuma viwili kila upande. Mzigo wote sasa ni safari moja."

"Na ile safari ya pili?"

Akajikuna shingo. Asubuhi ile ile, gari likiwa bado juu ya jeki, mwenye duka la saruji alimpigia simu, naye akaitikia kabla hajafikiri.

"Ile... nimempa mtu wa saruji. Lakini ni kwa muda tu."

"Kwa hiyo safari bado ni mbili."

"Ni mbili, ndiyo, lakini—"

"Na kila moja sasa ni nzito maradufu."

"Dada, mwonee huruma," shemeji akadakia. "Huoni mwenzio ameota pembe?"

Dereva hakumsikia.

"Sikiliza, mke wangu. Haijapita siku nisikiangalie hicho kiti. Hili gari nimeliimarisha kwa ajili yako. Kwa ajili yako wewe!"

Mkewe akashuka. Akakinyoosha kile kitambaa mpaka mkunjo wa mwisho, akaufunga mlango taratibu, kama anayefunga chumba alicholala mtoto.

"Mimi nina kilo sitini, mume wangu," akasema. "Springi za zamani zilinitosha."