Farasi Chongo

"Uliionja?" wakili wa Pruitt aliniuliza, nami nikamtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kulamba sakafu.

Miaka kumi na moja imepita na swali hilo bado hunijia nikipiga mswaki. Nilikuwa mahakamani Burlington, nimevaa suti yangu ya mazishi, nina hakika kwamba haki iko upande wangu. Mbele ya jaji palikuwa na makopo mawili ya shira ya mepo, utomvu wa mti huo uliochemshwa hadi ukawa mzito na mtamu. Langu lilikuwa na farasi mweusi mwenye jicho moja, aliyechorwa na bibi yangu mwaka ule farasi mwenyewe alipokufa, baada ya kuvuta mapipa ya utomvu kwenye theluji maisha yake yote. Chini yake yaliandikwa maneno mawili: Farasi Chongo. Kopo la Pruitt nalo lilikuwa na farasi mweusi, naye ana jicho moja, na maneno Farasi Chongo wa Mlimani. Hata kuiba hakujua. Alimgeuza mnyama akaangalia upande wa pili, chongo ikahamia jicho lisilokuwa lake.

Desmond Pruitt alikuja kwetu Vermont kutoka Connecticut baada ya kustaafu kuuza bima. Alinunua kilima kilicho juu ya shamba letu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa na kofia iliyochakazwa kiwandani ili ionekane ya mkulima. Alizungumza na miti. Kila mtu kwake alikuwa "jirani". Nilimdharau kwa moyo wangu wote, na sitasema uongo, dharau ile ilinipasha joto vizuri katika baridi ya Machi.

Kisha dhoruba ya barafu ikavunja miti yangu, nusu nzima, na maduka yalikuwa yanangoja makopo ya Farasi Chongo. Kwetu, aliyepatwa na balaa hafungi biashara. Jirani humchemshia shira na kumjazia makopo yake, naye hulipa fadhila mwaka mwingine. Lakini desturi hiyo ina nusu ya pili. Mwenye makopo huenda kwenye kibanda cha jirani cha kuchemshia, husimama katika ule mvuke, hupewa kijiko, na huonja kila mchemsho kabla haujatiwa koponi. Baba yangu alifanya hivyo hata kwa ndugu yake wa damu. Aliwahi kumwagisha mchemsho mzima kwa sababu ya harufu ndogo tu ya kuungua, na hao ndugu hawakusemeshana hadi Krismasi.

Mwenye utomvu wa kutosha mwaka ule alikuwa Pruitt peke yake. Nilimpelekea makopo matupu, nikayachukua yamejaa, nikayauza. Nilifanya hivyo misimu mitatu. Kila mara alinisubiri mlangoni na kijiko mkononi.

"Jirani, huingii hata kuonja?"

"Nina kazi, Bwana Pruitt."

"Kwani kuonja si kazi?"

Mimi, Beryl Laroche, nipokee kijiko kutoka kwa muuza bima! Nilipakia makopo yangu nikaondoka.

Msimu wa nne miti yangu ilipata nafuu, nikamwachia kilima chake bila hata asante. Mwaka uliofuata nikamkuta farasi wake dukani. Wakili wangu, Bi Ames, alimwandikia barua ya kumtaka aache. Pruitt alikuja nayo hadi barazani kwangu.

"Barua ya wakili, jirani? Si ungenipigia kelele tu kutoka hapa, ningesikia."

"Hilo jina ni la bibi yangu."

"Na shira iliyokuwa ndani ya makopo yako miaka mitatu ilikuwa ya nani?"

Nilimfungia mlango. Niliona ni maneno ya mtu asiye na hoja.

Kwa hiyo wakili wake aliponiuliza kama niliionja, nilimjibu kwa raha.

"Hapana."

"Hata kopo moja?"

"Hata tone. Mimi siweki kinywani kitu cha mtu yule."

Watu wachache walicheka. Nilidhani wanacheka pamoja nami. Bi Ames alifunika kalamu yake akaiweka mezani.

"Nembo ni ahadi kwamba mwenyewe anakijua kilichomo," aliniambia baadaye ukumbini, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Wewe umekula kiapo kwamba hukijui."

"Lakini yule ni mwizi."

"Ni mwizi, Bi Laroche. Na mlango uliuacha wazi wewe."

Jaji aliandika kwamba nimeliachia jina litumike kwenye shira ya mtu mwingine bila kulisimamia, hivyo si langu tena. Wala si la Pruitt. Ni la yeyote anayelitaka, na waliolitaka hawakukosekana. Farasi wa bibi yangu sasa yuko kwenye vishikio vya funguo na kwenye mifuko ya chakula cha mbwa.

Pruitt amefariki msimu huu wa kuchemsha. Sikwenda kumzika. Nilikwenda dukani nikanunua kopo lake, nikalifungua jikoni kwangu, nikachukua kijiko. Nilitafuta harufu ya kuungua. Nilitafuta uchachu. Nikachota tena, nikatafuta kasoro yoyote, hata ya kusingizia.

Baba angeipitisha shira ile bila kusema neno.