Eda Iliyokwisha Alfajiri

Kwetu Mbebe waliniita Scola. Jina la Raudha nilipewa Tunduma, siku niliyosilimu mbele ya shehe, na siku hiyo hiyo baada ya alasiri nikaolewa na Idrisa, dereva wa lori, mtu wa Kondoa. Watu wa pande zote mbili walikuwa na uhakika wa jambo moja, kwamba dini yangu ni ya ndoa. Mama yangu aliamini hivyo kwa sababu ilimfariji. Wifi yangu Mwanaasha, dada yake Idrisa anayeuza vitenge karibu na mpaka, aliamini hivyo kwa sababu alidhani ananijua. Mimi mwenyewe mwaka ule wa kwanza sikuwa na hoja ya kuwapinga. Nilisali kwa kumfuatisha Idrisa, akiinama nainama, na akiwa safarini nilisinzia mpaka jua linachomoza.

Kilichonibadilisha ni upweke, wala sitakipamba. Mke wa dereva wa Tunduma anaishi na simu. Mume yuko Ndola, yuko Lubumbashi, na akikaribia kufika nyumbani yuko foleni. Nikaanza kwenda darasa la wanawake kwa Bi Stamili, mjane aliyefundisha barazani kwake, na nilikwenda kwa sababu pale palikuwa na watu na chai ya tangawizi. Sura fupi zikaniingia. Kisha kuna alfajiri moja niliamka mwenyewe, baridi ya mwezi wa saba inauma mifupa, nikatia udhu kwa maji ya ndoo, nikasali bila mtu wa kunitazama. Nililia kwenye sijda bila kujua sababu. Tangu siku ile nilijua nina kitu changu mwenyewe, ila sikumwambia mtu. Nani angeniamini?

Mwaka huu, mvua zikiwa bado zinanyesha, baba yangu mzee Osea akafariki. Idrisa alikuwa ndani ya Kongo na simu yake haipatikani. Nilipiga, nikapiga, nikaacha ujumbe, nikapanda gari la Itumba na kutoka pale nikachukua pikipiki mpaka Mbebe, barabara tope tupu. Najua mke hasafiri bila ruhusa ya mume, hilo nilifundishwa. Lakini baba hafi mara mbili. Nilikaa kanisani kwenye benchi la nyuma na mtandio wangu kichwani, sikuimba, nikasubiri wamalize ibada, nikaenda kumzika baba yangu. Ndugu mmoja akapiga picha. Picha za namna hiyo zina miguu, na ile ilimfikia Mwanaasha kabla hatujatoka makaburini.

Sijui aliandika nini alipomtumia kaka yake. Najua kilichonijia mimi. Idrisa alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpaka wa Kongo, na njaa yake na hasira zake, akanitumia ujumbe wa sauti. Alisema nimemwaibisha, nimerudi nilikotoka, na kwamba ameniacha, talaka moja. Nyuma ya sauti yake malori yalikuwa yanapiga honi. Niliusikiliza nikiwa nimesimama uani kwa mama, nasugua masufuria ya msiba, na nilipomaliza kuusikiliza niliendelea kusugua kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mama alinishika mkono akasema nisirudi tena huko, jina langu wamenitunzia. Nilirudi Tunduma kesho yake. Nilimkuta Mwanaasha chumbani kwangu anapanga nguo zangu kwenye begi la shangazi kaja. Hakuwa anafanya ubaya, kwa mila yao na yetu ndivyo ilivyo: talaka ikitoka, mwanamke anafungasha. Nilimwomba aniache nikaulize kwanza. Akaniuliza nikaulize nini, mbona Kiswahili cha Idrisa kilikuwa wazi.

Bi Stamili aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa twahara, yaani nje ya hedhi, siku Idrisa alipotamka. Nilikuwa twahara. Basi akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto, kwamba mwanamke wa talaka moja hafukuzwi wala hatoki, anakaa eda yake ndani ya nyumba ya mumewe. Katika muda huo mume anaweza kumrejea kwa neno moja, hata kwa simu, kama lile la kuacha lilivyotoka. Hakuna shehe, hakuna mahari. Lakini damu ya tatu ikionekana tu, mlango umefungwa. Akimtaka tena itabidi amwoe upya, kwa ndoa mpya na mahari mpya, na mwanamke aulizwe kama anakubali.

"Na damu hiyo hakuna shahidi wake," alisema. "Ni wewe na Mola wako. Neno lako ndilo litakalopokelewa, mwanangu, kwa hiyo liangalie neno lako."

Nikarudi nikatoa nguo kwenye begi, nikazitundika. Mwanaasha alisema nang'ang'ania kama kupe. Mama naye alipiga simu kila Jumapili akitoka ibadani kuniuliza nasubiri nini kwa mtu aliyenitupa siku ya kumzika baba yangu. Jibu la kweli lilikuwa la aibu kidogo: nilimtaka. Nilimtaka Idrisa na kelele zake za kukoroma, na mashati yake yenye harufu ya dizeli, na namna anavyonyamaza akila. Nilimkasirikia mpaka meno yanasagana, na bado nilimtaka. Kila sala nilimwomba Mungu alainishe moyo wake kabla eda haijaisha. Damu ya kwanza ikaja, ikapita. Ikaja ya pili. Idrisa kimya. Mvua zikakatika, upepo ukaanza kuleta vumbi la barabarani mpaka ndani ya sufuria, na mimi nikawa mwanamke wa kusikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza mlango.

Hatimaye alipiga. Alikuwa amefika Nakonde, ng'ambo tu, mtu ukisimama juu ya lori unaona mabati ya Tunduma. Sauti yake ilikuwa imepoa. Aliniuliza hali, akanipa pole ya baba, pole aliyokuwa amechelewa nayo miezi, na akasema foleni ikisogea jioni atakuwa nyumbani, tutayamaliza. Nilikuwa na maumivu ya kiuno tangu asubuhi, na nilijua maana yake.

"Kama una neno, Idrisa, liseme sasa hivi," nilimwambia.

Akacheka kidogo. "Maneno ya mke na mume hayasemwi kwenye foleni."

Nilitaka kumuuliza lile la kwanza alilisemea wapi. Nilitaka kumwambia kuhusu kiuno. Nikaona haya, na nikaona pia kwamba nimekwisha kumsubiri vya kutosha, sitampigia magoti ya mwisho kwenye simu. Hilo la pili lilikuwa kiburi, nalitambua. Nilipika wali na maharage, nikachemsha maji ya kuoga, nikakaa. Foleni haikusogea.

Alfajiri niliamka kwa ajili ya sala, nikaenda bafuni na ndoo yangu, na sikuhitaji kutia udhu. Ilikuwa imekuja. Nilikaa chini kwenye saruji ya baridi mpaka adhana ikaisha, na hata kusali sikuweza kusali, kwa kuwa hedhi imenizuia. Nililia kimyakimya nisimwamshe mpangaji wa jirani.

Idrisa alifika adhuhuri. Alikuja na Mwanaasha, na Hamis, dereva mwenzake, ili awe shahidi. Kumbe njiani alikuwa ameuliza watu utaratibu na alitaka kufanya jambo kwa heshima. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na kitenge cha Zambia, kizuri, chenye rangi ya kahawia ninayoipenda. Tulikaa sebuleni, nikawakaribisha maji, na kabla hajayanywa akasema mbele ya wote wawili kwamba amenirejea.

Mwanaasha akapiga kigelegele kifupi. Nilimtazama kwa mshangao, maana machozi yalikuwa yanamtoka.

Nitasema ukweli kuhusu dakika ile. Nilikuwa na kila kitu nilichokiomba. Kilikuwa kimekaa mbele yangu na vumbi la safari kwenye kope. Ilinipasa kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi rahisi kuliko zote. Nikafikiri kwamba nitanyamaza, kisha usiku nitalala naye nikijua, na alfajiri nitasimama kusali nikijua, na ile sala iliyokuwa yangu peke yangu sitakuwa nayo tena. Sikuwa na kitu kingine ambacho hakikuletwa na Idrisa.

"Eda imekwisha," nikasema.

Hamis akakohoa, akasema anakwenda kuangalia lori, akatoka. Mwanaasha alinishika mkono akanivuta mpaka jikoni akafunga mlango.

"Wifi, damu yako anaijua nani?" alininong'oneza. "Sema umekosea hesabu. Mimi ndiye niliyetuma ile picha. Usiniache niwe mimi niliyeivunja nyumba hii."

Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea. Nilimwambia nimemsamehe picha, na lile jingine siliwezi. Akakaa juu ya ndoo akajishika kichwa. Mimi nikachukua mtandio mkubwa uliokuwa umetundikwa mlangoni, nikajifunika nywele zote kama mbele ya mwanamume asiye mume wangu, nikarudi sebuleni.

Idrisa aliponiona hivyo alielewa kabla ya maneno. Mtu aliyenisuka nywele kwa mzaha, aliyenikuta naoga akaendelea na habari zake, alitazama sakafu kama mgeni.

Aliniuliza lini, nikamwambia alfajiri. Akarudia, alfajiri ya leo, nikamwambia ya leo. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna binadamu. Nikaona niseme yote, kwa kuwa aibu ilikuwa imekwisha kunitoka.

"Nioe upya, Idrisa. Talaka ni moja, njia ipo. Mwite shehe hata jioni hii. Mahari taja chochote, nitakubali."

Alikuwa anazungusha bilauri ya maji mikononi.

"Nilikuja kumrudisha mke, Raudha," alisema. "Sikuja kuoa."

Hakusema kwa ukali. Alieleza, na alieleza vizuri, nami nilimsikiliza mpaka mwisho. Mama yake kule Kondoa alikuwa amemtafutia binti wa ukoo wao tangu habari za picha. Yeye alikuwa amemnyamazisha kwa kusema ana mke tayari, ugomvi tu, atamrejea. Neno hilo lilitosha. Lakini kuoa ni kuanza, na akianza itabidi aulizwe anaoa nani, na ajibu mbele ya wazee wote kwamba anamchagua yule yule, wa Mbebe, wa kwenye picha ya kanisani. Alisema hana nguvu hizo sasa hivi. Alisema nimpe muda. Nikaona kwamba Idrisa angeweza kuishi nami mpaka uzee mradi asilazimike kunichagua, na kwamba mara ile ya kwanza alinichagua kwa sababu alikuwa kijana na mama yake alikuwa mbali.

Alisimama. Kitenge alikiacha juu ya kochi. Mlangoni alisita, akasema ningenyamaza tu tungekuwa tumekwisha kula saa hizi.

Mwanaasha alinisaidia kufungasha, safari hii kwa mikono mizito, akikunja kila nguo mara mbili. Kitenge nilimwachia yeye. Bi Stamili alinisindikiza mpaka stendi, akaniombea dua, hakunisifu, nami nilishukuru kwamba hakunisifu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya milima ya Ileje gari lilipoanza kupanda, na konda alikuwa anagombana na abiria kuhusu kuku.

Mama alinipokea kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Aliniita Scola mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jioni, tukichambua maharage, nikamsimulia yote jinsi ilivyokuwa, ile alfajiri, jikoni, bilauri. Nilidhani atanielewa, kwa kuwa ni mama mcha Mungu, mzee wa kanisa anamsalimia kwa heshima. Alichambua mpaka ungo ukawa mtupu.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," akasema. "Mungu angekuelewa."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa watu watatu sasa, na wote watatu walikuwa wananipenda kwa namna zao.

Nilipotwaharika nilioga, nikatandika khanga kwenye chumba alichofia baba, nikatafuta upande wa kibla kwa kukisia jua. Mama alikuwa anasikiliza redio sebuleni. Nilipopiga takbira aliipunguza sauti, sijui kwa heshima au kwa kutaka kusikia. Sikuomba Idrisa arudi. Niliomba Mungu aniondolee kumpenda. Nimeomba kila siku tangu nije, na leo alfajiri nimeomba tena, na bado hajaniondolea.